Urambo: Urithi Usioliwa na Mchwa

Garimoshi la kwenda Kigoma likishatoka Tabora huingia katika miombo, na kwa saa kadhaa msafiri haoni kingine. Mininga na mitundu imesimama pande zote mbili za reli. Hapa na pale mzinga wa nyuki umetundikwa juu ya mti. Kwenye stesheni ndogo akina mama husogeza sinia zao dirishani: karanga za kukaanga, viazi vitamu, asali kwenye chupa. Baada ya Usoke unafika Urambo. Kwa barabara ni kama kilometa 90 kutoka Tabora mjini.

Wapenzi wasomaji, Urambo si mahali pa kwenda kuona bahari wala mlima. Mji wenyewe ni wa kawaida: soko, maduka, makanisa, misikiti, na malori ya tumbaku msimu wake ukifika. Tuliokwenda tulikuwa akina mama wanne, tumealikwa harusini, tukakaa siku tano. Lakini kila tulipoketi na wenyeji, mazungumzo yaligeukia habari za waliotangulia. Tuliondoka na neno moja la kuwashirikisha ninyi mlio na watoto nyumbani: upo urithi ambao mama anaweza kuuacha hata kama hana shamba wala nyumba, na upo kwa kila familia, maskini na tajiri. Lakini usipokabidhiwa kwa mkono, hupotea katika kizazi kimoja tu.

Nchi yenye jina la mtu

Urambo ilipata jina lake kwa Mtemi Mirambo, aliyezaliwa karibu na mwaka 1840. Aliunganisha nchi ndogo ndogo za Wanyamwezi zikawa dola moja yenye nguvu, na boma lake kuu lilikuwa Iselamagazi. Mwaka 1871 aligombana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe, ndiko Tabora ya leo, akaifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Mwandishi Stanley, aliyekuwa akipita kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu kumpiga, wakashindwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1876, Stanley na Mirambo walikutana tena, wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Mirambo alifariki Desemba 1884.

Njia hiyo aliyoifunga ilikuwa maisha ya watu wengi. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, msafara ulitembea kwa miguu karibu miezi mitatu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulifikia kilo 30 na zaidi. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao mpaka leo unachangamsha misiba yetu, ulikua katika safari hizo.

Tena wake za wapagazi walikwenda nao. Walibeba vyungu, chakula na vifaa vya kulalia, na wengine watoto mgongoni. Msafara uliposimama jioni, mwanamume alitua mzigo akapumzika, mwanamke alitua mzigo akatafuta kuni. Mama msomaji, hilo huenda unalifahamu bila kufundishwa historia.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ikabaki katika masimulizi.

Walioandikwa na wasioandikwa

Tunajuaje haya ya Mirambo? Tunajua kwa sababu kuna watu waliosikiliza na kuandika. Mwaka 1879 Dakta Southon wa London Missionary Society alifika kukaa Urambo karibu na mtemi, akaandika habari za nchi na watu wake. Alifia huko mwaka 1882. Misheni hiyo ilipokelewa na Wamoravian mwaka 1898, na mmoja wa wamisionari wao, Edmund Dahl, alikusanya maneno ya Kinyamwezi hata likatoka kamusi mwaka 1915. Baadaye mwenzetu, J. B. Kabeya, aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya Mtemi Mirambo, kilichotolewa mwaka 1966. Hata Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa ambaye baba yake alikaa Tabora, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na humo tunakutana na mama yake wa kambo Karunde, binti wa Mtemi Fundikira.

Lakini tazama walioandikwa ni nani. Ni watemi, wafanyabiashara na wasafiri. Yule mama aliyebeba chungu kutoka Urambo hadi Bagamoyo hakuandikiwa na mtu. Mkunga, mkulima wa uwele na mjane aliyelea yatima saba hawamo. Kama wapo mahali popote, wapo katika vinywa vya wajukuu wao. Hakuna msomi atakayekuja kuuliza habari za bibi yako. Kazi hiyo umeachiwa wewe.

Majina ni kitabu

Wenyeji wa Urambo walitufundisha kwamba tayari tuna kitabu kimoja nyumbani, nacho ni majina. Kwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto. Mtoto anayefuata baada ya mapacha ni Shija. Aliyetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa ni Kashindye. Mabula na Kabula walikuja na mvua. Ukimwita mtoto kwa jina hilo, umemsimulia siku aliyozaliwa.

Siku hizi watoto wetu wanapewa majina mazuri ya Biblia na mengine ya kwenye televisheni, wala hatusemi ni vibaya. Lakini je, mtoto wako anajua kwa nini aliitwa hivyo? Kama alipewa jina la shangazi, shangazi huyo alikuwa mtu wa namna gani? Jina bila habari yake ni kama bahasha isiyo na barua.

Mwaka wa karanga

Wazee wengi wa huko hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, lakini usidhani hawajui umri wao. Wana kalenda ya matukio. Utasikia, "Kaka yangu alizaliwa Wabelgiji walipoingia Tabora." Hiyo ni Septemba 1916, katika vita kuu ya kwanza. Utasikia habari za wanavijiji kuhamishwa kwenye vijiji vya ujamaa, yaani katikati ya miaka ya 1970, na vita ya Kagera ya 1978 na 1979.

Tukio ambalo Urambo hawalisahau ni karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula kwao baada ya vita. Walichagua sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matingatinga yaling'oa miombo, vijana wakaandikwa kazi, pesa ikazunguka. Lakini ardhi na mvua hazikupimwa vizuri, mashine zikaharibika, na Januari 1951 mradi ulivunjwa, hasara ikiwa karibu paundi milioni 36. Mashamba yaliyofyekwa Urambo yaligeuzwa ya tumbaku, na tumbaku imelipa ada za shule za watoto wengi, ingawa imekula miti mingi ya kukaushia.

Kwa hiyo ukitaka kujua mama mkwe wako alizaliwa lini, usimwulize mwaka. Muulize, "Mama, karanga zilipokuja ulikuwa na ukubwa gani? Ulikuwa unachota maji tayari?" Jibu lake litakupa mwaka, na juu yake litakupa kisima, njia, rafiki aliyekwenda naye na wimbo waliouimba.

Kanuni ya sahani moja

Sasa tuwaeleze lililotugusa zaidi. Mama mwenyeji wetu, ambaye ametuomba tusimtaje jina, alizaliwa miaka michache kabla ya karanga. Nyumbani kwake kuna kanuni isiyovunjwa: binti anayesaidia kazi za nyumbani hali jikoni peke yake. Anakula pamoja na familia, chakula kile kile, wakati ule ule. Watoto wake wote, walio Mwanza na Dar es Salaam, wameibeba kanuni hiyo hadi nyumbani kwao.

Jioni ya pili mjukuu wake wa kike, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, alisema, "Bibi, rafiki zangu wananicheka. Kwao dada wa kazi anakula baadaye. Kwa nini sisi tuko hivi?"

Bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa sababu bibi yangu mimi alinunuliwa."

Hapo ndipo tulipoisikia habari yote. Bibi mzaa mama yake alikuwa mtoto mdogo wa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, nchi ya Umanyema, alipokamatwa pamoja na mama yake. Walivushwa ziwa, wakatembezwa kuelekea Tabora. Mama hakumaliza safari. Mtoto akaachwa Urambo katika nyumba moja kwa malipo ya mikono kadhaa ya merikani. Alilelewa humo akisonga ugali asioruhusiwa kuula mpaka wengine washibe. Baadaye alipata uhuru wake, akaolewa, akabatizwa na Wamoravian, akazaa. Tangu siku aliyopata jiko lake mwenyewe, hakuna aliyekula makombo ndani ya nyumba yake. Alimsimulia mjukuu wake huyu wakimenya karanga, mara moja tu, akamwambia, "Usiwatangazie watu. Lakini usisahau."

Mjukuu wa Dar es Salaam alikuwa akilia. Wifi yake mwenyeji wetu alikasirika. "Wifi, mambo hayo ya nini mbele ya wageni? Kaka alikataza. Yaliyopita si ndwele." Kaka mtu mwenyewe, tulivyoambiwa, anahofu kwamba siku ya kuposa au ya kugawa mirathi mtu atainuka na kusema, "Ninyi ni wa kununuliwa."

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Katika nchi za njia ya misafara neno "mtumwa" limewahi kutumika kuwanyima watu wake, mashamba na heshima. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria haifuti midomo ya watu. Familia nyingi zilichagua kunyamaza ili watoto wao waishi bila alama, na kunyamaza huko kulikuwa namna ya upendo.

Mwenyeji wetu alimjibu wifi yake kwa upole. "Wifi yangu, mimi nimenyamaza miaka sabini. Lakini huyu mtoto ameuliza. Nisipomjibu leo, kesho akipata nyumba yake dada wa kazi atakula jikoni, na bibi yangu atakuwa amenunuliwa mara ya pili."

Hakuna aliyeongeza neno. Kesho yake wifi alikuja kumenya karanga pamoja nasi, akasimulia na yeye kipande alichokijua. Kaka bado hajakubali.

Tumelitafakari neno la mama yule njia nzima ya kurudi. Maadili yanaweza kudumu kwa muda bila habari yake, kama vile kuni huendelea kuwaka baada ya kutolewa jikoni. Lakini hayawaki siku nyingi. Mtoto aliyeambiwa tu "fanya hivi" ataacha akichekwa na wenzake. Aliyejua ni nani alilipa gharama ya kanuni ile ataishika.

Aibu si ya aliyeonewa

Yuko mtu mwingine katika historia ya upande huu anayetusaidia. Adrien Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger, akakamatwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, walimkomboa huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, na hatimaye akafika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa binti wa mtemi wa Wabende. Naye hakuficha: aliandika mwenyewe habari za maisha yake, zikachapwa mwaka 1946, kuanzia kutekwa kwake. Leo hakuna anayemsema Atiman kwa dharau. Aibu ni ya aliyeuza mtoto, si ya mtoto aliyeuzwa.

Kaskazini ya Urambo kuna Ulyankulu, ambayo leo iko katika Wilaya ya Kaliua iliyomegwa kutoka Urambo. Huko walipokelewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walifyeka pori, wakapanga makazi yao kwa barabara zenye namba, na wengi wetu tumeifahamu Ulyankulu kwa nyimbo za kwaya ya Barabara ya 13. Mwaka 2007 waliulizwa wachague kurudi Burundi au kubaki. Wengi waliomba kubaki, na tangu mwaka 2014 wamepewa hati za uraia wa Tanzania. Fikiria mama wa Ulyankulu anapoulizwa na mtoto wake, "Sisi ni watu wa wapi?" Majibu ni mawili, na yote ni kweli. Yapo ya kilima walichokiacha babu na bibi, na yapo ya barabara aliyozaliwa yeye. Mtoto anayepewa yote mawili ana mahali pawili pa kusimama.

Mama ufanye nini?

Zamani habari hizi zilitolewa jioni, kwenye moto wa uani ambao ndugu zetu Wasukuma huuita shikome, na jikoni kwa akina bibi. Leo moto huo umezimwa na televisheni na simu, na wajukuu wengine hawasikilizani na bibi yao kwa lugha. Hata hivyo yapo tunayoweza kufanya, na hayahitaji fedha.

Kwanza, anza na mkubwa kuliko wote. Kitabu cha duka kitakungoja, mzee hangoji. Usimwambie, "Nisimulie maisha yako," maana atasema hana la kusimulia. Mshikishe kitu. Muulize habari za mtungi, za kinu, za kitenge kilichohifadhiwa kwenye sanduku la bati. Au mpikieni pamoja michembe au kisamvu cha karanga, mkono ukifanya kazi mdomo hufunguka.

Pili, andika ukoo wa akina mama. Tunapochora ukoo huanza baba, babu, baba wa babu, na wanawake wote huishia kuwa "mke wa fulani". Wewe uliyeolewa umeingia kwa mumeo na ukoo mzima kichwani mwako. Usipowaambia wanao, nusu ya asili yao itazikwa nawe.

Tatu, tumia simu kurekodi sauti, lakini usiiamini peke yake. Simu huibiwa, huanguka majini. Nakili yaliyo muhimu kwenye daftari, nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa ndugu. Na daftari lisikae chini sakafuni. Watu wa Tabora wanaujua mchwa, na mchwa hachagui karatasi.

Nne, usichague ushindi tu. Mtoto anayesikia kwamba babu hakuwahi kukosea atavunjika moyo siku yeye atakapokosea. Msimulie pia mwaka tumbaku ilipokataa na familia ikalala na uji, na jinsi mlivyotoka.

Tano, pima neno na umri. Mtoto wa miaka sita anaweza kuambiwa, "Bibi alitembea safari ndefu sana akiwa mdogo kama wewe." Habari ya kununuliwa ingoje mpaka aweze kuibeba. Wala siri ya mtu aliye hai usiirushe kwenye kundi la ukoo la simu bila ruhusa yake. Kusimulia ni tofauti na kutangaza.

Sita, ambatanisha habari na kanuni. Kila nyumba ina mambo yake: kwetu mgeni hali peke yake, kwetu deni hulipwa kabla ya sikukuu, kwetu mtoto wa mwingine hafukuzwi. Tafuta nani alianza, na kwa nini. Mtume Paulo alipoitaja imani ya Timotheo, aliwataja kwa majina bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hakuona ni jambo dogo kujua imani ile ilipitia jikoni kwa nani.

Mwezi huu, mama msomaji, tunakuomba jambo moja tu. Nunua daftari la kurasa 48. Ukurasa wa kwanza andika jina la mama wa mama yako, na la mama wa mumeo, na mahali kila mmoja alipozaliwa. Kama huwezi kujaza, unajua ni mlango wa nani wa kubisha hodi Jumapili hii. Beba na karanga za kumenya.